Konokono na Koa Bustanini: Jinsi ya Kuivusha Miche Salama

Mche wa letusi wenye majani mawili huliwa wote kwa usiku mmoja. Letusi hiyohiyo ikishafikisha majani manane, konokono walewale watatoboa mawili au matatu nayo itaendelea kukua. Kwa hiyo usijipe kazi ya kuwamaliza konokono wote, maana kwenye udongo wenye unyevu hawamaliziki. Kazi yenyewe ni kuilinda miche wiki tatu hadi nne za kwanza, na muda uliobaki kuwanyima konokono maji na maficho. Hatua zilizo hapa chini zimefuata uzito wake. Sumu imewekwa karibu na mwisho kwa makusudi: mwenye bustani anayeanza na sumu huku maficho yako palepale atainunua tena kila msimu.

Koa ni jamaa wa konokono asiye na gamba. Tabia zao karibu zinalingana, hivyo hapa "konokono" ni wote wawili, isipokuwa pale penye tofauti.

Kwanza, thibitisha mlaji ni nani

Dawa na mitego mingi hupotea bure kwa sababu mlaji hakuwa konokono. Alama yake ya wazi ni ute: mstari unaong'aa juu ya majani, udongo au kingo za tuta, unaoonekana vizuri asubuhi mapema kabla jua halijaukausha. Matundu yake hayana umbo maalumu, kingo zake ni laini, na mara nyingi huanzia katikati ya jani, kwa kuwa ulimi wake una meno madogo mno yanayokwangua kama tupa. Viwavi nao hutoboa majani, lakini huacha kinyesi cha punje ndogo za kijani kibichi au nyeusi. Sota, kiwavi anayeishi udongoni, hukata shina usawa wa udongo na kuuacha mche umelala pale pale. Fukua sentimita 3 hadi 5 kuzunguka shina utamkuta amejikunja. Ndege huchana vipande kuanzia ukingoni na hula mchana.

Mvua ikinyesha usiku, ute huoshwa. Usipouona, usihitimishe. Lowesha gunia kuukuu, lilaze kando ya miche jioni, ulifunue asubuhi. Au chukua tochi ukague zikishapita saa moja na nusu hadi mbili tangu giza liingie. Ukiwakuta wanakula, shaka imekwisha.

Tabia inayomfanya akamatike

Mwili wa konokono ni maji kwa sehemu kubwa, na kila anapotambaa huyapoteza kupitia ute. Ndiyo maana hutoka usiku, siku za mawingu na baada ya mvua, na mchana hujificha mahali penye kivuli na ubaridi. Ukame ukizidi, mwenye gamba hujibandika ukutani au shinani na kuziba mlango wa gamba kwa ute uliokauka; koa hushuka kwenye nyufa za udongo. Wote huibuka kwa pamoja mvua ya kwanza inaponyesha, wakati uleule ambao miche mingi ndiyo imetoka kuhamishiwa shambani.

Karibu kila konokono wa bustani ana via vya kiume na vya kike, hivyo kila mkubwa unayemwona anaweza kutaga. Mayai huwa mafungu ya makumi, madogo, mviringo, meupe au yanayopitisha mwanga, sentimita chache chini ya udongo au chini ya mbao na mawe. Konokono mkubwa wa Afrika, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki na sasa ameenea Asia, visiwa vya Pasifiki na Amerika, hutaga hata mamia ya mayai kwa mara moja. Kumwokota mmoja kabla hajataga kuna faida kuliko kuwakimbiza watoto wake baadaye.

Wiki mbili kabla ya kupanda: ondoa maficho

Pita bustanini saa za jua kali na ujiulize wewe ungejificha wapi kama ungekuwa unaogopa kukauka. Inua mbao, mawe, vyungu vitupu, plastiki, rundo la magugu yaliyong'olewa. Pitisha kidole chini ya midomo ya vyungu, pahala ambapo wengi hawapakumbuki. Unachoweza kuondoa, ondoa. Usichoweza, kama ukuta wa mawe au ua wa miti, kiandike akilini kuwa ndiko watakakotokea, na miche laini usiipande karibu nako. Fyeka nyasi kuzunguka matuta na uache ukanda mtupu wa mita moja hivi. Konokono anaweza kuuvuka, lakini humgharimu ute mwingi, na akichelewa jua humkuta njiani.

Kisha udongo. Geuza sentimita 5 hadi 10 za juu asubuhi ya siku yenye jua, uache hivyo, na urudie baada ya wiki. Mayai na koa walioletwa juu hukaushwa na jua au huliwa na ndege. Kabla ya kusia mbegu, vunja mabonge na usawazishe vizuri, kisha shindilia kidogo kwa mgongo wa reki. Udongo wenye mabonge una mapango chungu nzima, na koa hutembea humo bila hata kuja juu. Anaweza kula mbegu ya maharage inayochipua kabla hujaiona.

Matandazo ndiyo yenye utata. Yanahifadhi unyevu kwa mmea, na kwa konokono pia. Kuyaacha kabisa si busara, hasa mahali pakavu, bali yacheleweshe: tuta libaki wazi mpaka miche ifikie sentimita 15 hivi, ndipo uweke tabaka jembamba la sentimita 3 hadi 5, ukiacha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka kila shina. Nyasi mbichi zilizorundikwa mpaka kwenye shina ni malazi yaliyowekwa karibu na meza.

Mboji ina konokono wengi, na humo wanakula vilivyooza, hawana hatia. Hatari ni kuisambaza ikiwa na mayai. Itandaze juani siku moja, uichambue, ndipo uipeleke kwenye tuta.

Mwagilia asubuhi

Hatua hii haina gharama yoyote, na bado ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ukimwagilia jioni, unalowesha udongo saa chache kabla konokono hawajatoka. Wanatembea mbali kwa wepesi na kula usiku kucha. Ukimwagilia asubuhi, mizizi inakunywa mchana na uso wa udongo unakuwa umekauka giza linapoingia. Elekeza maji kwenye shina, si juu ya majani, na mwagilia mengi kwa nafasi badala ya kidogo kila siku. Mpira wa matone ni bora zaidi kwa sababu nafasi kati ya mimea hubaki kavu. Joto likikulazimisha kumwagilia mchana ukielekea kwisha, fanya hivyo mapema na uweke maji kwenye shimo la kila mmea pekee.

Miche: hapa ndipo penye vita

Otesha kwenye trei au vikopo vilivyowekwa juu ya meza, si chini. Kagua upande wa chini wa trei kila baada ya siku mbili, kwani koa wadogo hujibanza kwenye matundu ya kutolea maji na huhamia shambani pamoja na mche. Maharage, matango na maboga, ambayo wengi huyasia moja kwa moja, nayo yaoteshe kwenye vikopo kama eneo lina konokono wengi.

Usihamishe mche mchanga. Subiri uwe na majani halisi manne hadi sita na shina lililokakamaa. Siku saba kabla ya kuhamisha, punguza maji na uuzoeshe jua na upepo. Mche uliolelewa kwa kivuli na maji mengi una majani teketeke, na hayo ndiyo konokono huyaendea kwanza. Mbolea nyingi ya naitrojeni hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo usiizidishe wakati wa kuhamisha.

Kisha mvishe kila mche pete:

1. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5, kata kichwa na kitako, ubaki na bomba. Ligawe upate pete za sentimita 10 hadi 12.
2. Panda mche asubuhi, mwagilia, kisha kagua udongo ulio ndani ya eneo la pete. Geuza mabonge, ondoa majani makavu. Ukimfungia konokono ndani, umempa mche peke yake.
3. Didimiza pete sentimita 3 ardhini, uzungushe kidogo ili isiache uwazi chini, na ushindilie udongo upande wa nje.
4. Angalia kila baada ya siku mbili kwamba hakuna jani linalogusa nje wala gugu linaloegemea pete. Jani moja lililoinama linatosha kuwa daraja.
5. Ondoa pete majani yanapoanza kubanwa, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi tatu.

Ukingo uliokatwa hauzuii kwa ukali wake. Konokono hupita juu ya makali bila kuumia, maana ute humkinga. Pete inasaidia kwa sababu njia ya kufika ni ndefu na kavu. Usiku wa mvua kubwa baadhi wataipanda, basi usiku huo ongeza kuokota.

Chagua pia cha kupanda na mahali pa kukipanda. Letusi, kabichi changa, spinachi, mrehani, stroberi na maua kama dalia huwaita konokono. Vitunguu, rozimari, lavenda na mimea mingi yenye majani magumu, ya manyoya au yenye harufu kali huguswa kidogo. Weka hiyo ya pili upande wa ukuta au ua, na ile laini katikati ya bustani. Usitegemee vitunguu vikinge letusi jirani, kwa kuwa konokono hupita katikati yake.

Kuokota usiku

Kwa bustani ya nyumbani hakuna njia inayopunguza idadi haraka kama kuokota. Unahitaji tochi, glavu, kibano kirefu au vijiti viwili, na ndoo yenye lita 3 za maji yaliyochanganywa na vijiko viwili vya sabuni ya maji. Bila sabuni wengi hupanda ukuta wa ndoo na kutoroka, kwa hiyo funika pia.

Chagua usiku usio na upepo, na bora uwe umefuata mvua. Kipindi cha ukavu, lowesha ukanda mmoja mwembamba kando ya tuta alasiri. Huu ndio wakati pekee ambapo maji ya jioni yanakusaidia. Anza zikishapita saa moja na nusu tangu giza liingie. Angalia kingo za tuta kwanza, kisha shina, kisha chini ya majani, mwisho kuta. Tembea taratibu na urudi ulikopita baada ya nusu saa, kwa sababu hawatoki wote kwa wakati mmoja.

Okota kila usiku kwa wiki ya kwanza. Mara mbili za kwanza utapata wengi na utadhani kazi haina mwisho. Endelea, idadi itashuka. Ikishuka, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Anayeacha baada ya usiku wa pili hurudi mwanzo, kwa maana waliobaki ardhini hawakuwa wametoka.

Waliokufa wazike shimo la sentimita 30 au wachanganye katikati ya mboji. Usiwarushe upande wa pili wa ua. Konokono wa bustani ana uwezo wa kurudi alikozoea, na aliyetupwa umbali usiofika mita 20 huenda ukamwona tena. Chumvi nayo iache: inamuua kwa mateso, na inabaki kwenye udongo kuunguza mizizi ya mimea uliyotaka kuilinda.

Glavu si za kukwepa ute tu. Konokono na koa, hasa maeneo ya joto, wanaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukiingia mwilini mwa binadamu husababisha uvimbe wa utando wa ubongo. Usiguse macho wala mdomo wakati wa kazi, nawa kwa sabuni ukimaliza, wazuie watoto kuwachezea, na mboga za kuliwa mbichi zioshe jani kwa jani kwenye maji yanayotiririka. Koa mchanga ana urefu wa milimita chache na hujificha kwenye mkunjo wa letusi bila kuonekana.

Mitego

Mtego wa ubao ndio rahisi na unaofaa zaidi. Kata ubao wa sentimita 30 kwa 40, uegemeze juu ya vijiti ili uwe na nafasi ya sentimita 2.5 chini yake, uulaze kwenye udongo wenye unyevu kati ya mistari. Konokono wataufanya makazi ya mchana. Uinue kila asubuhi, ukwangue waliomo ndani ya ndoo ya sabuni, urudishe. Nusu ya ganda la tikiti maji lililofunikwa kifudifudi hufanya kazi hiyohiyo na huvutia kwa harufu, ila huoza baada ya siku mbili tatu. Ubao usiokaguliwa si mtego tena. Ni nyumba uliyowajengea katikati ya mboga, kwa hiyo ukisafiri uondoe kwanza.

Mtego wa hamira: changanya mililita 500 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha sukari na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Acha mpaka povu lianze. Fukia kikombe chenye kina cha sentimita 8 au zaidi na kuta zilizosimama wima, mdomo ukiwa juu ya udongo kwa sentimita 2, ujaze nusu. Mdomo ukiwa sawa na ardhi, mbawakawa wanaokula koa nao watatumbukia. Funika kwa kigae kilichoinuliwa ili mvua isiuzimue mchanganyiko. Badilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Mtego huu huvuta walio karibu, kama umbali wa mita moja, hivyo kikombe kimoja kwa bustani nzima hakisaidii. Na kukiweka katikati ya miche ni kuwaalika, kiweke pembeni.

Vizuizi vya kumwaga

Maganda ya mayai, changarawe, magome ya miti, utepe wa shaba na vidonge vya sufu vinasifiwa mno. Mwaka 2018 Royal Horticultural Society, jumuiya ya kilimo cha bustani ya Uingereza, ilivijaribu vyote vitano kwenye letusi na haikuona vikipunguza uharibifu. Majivu na unga wa diatomu (unga wa mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini) hufanya kazi vikiwa vikavu kabisa; umande mmoja unavimaliza, na majivu mengi huongeza ualkali wa udongo. Sifa za masimbi ya kahawa zimechanganywa na habari ya kweli: mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walionyesha kwamba maji yenye kafeini asilimia 1 hadi 2 huua konokono. Masimbi yaliyokwisha kutengenezewa kahawa hayafikii nguvu hiyo, na kafeini kali inaweza kudhuru majani.

Shaba ina nafasi moja tu ya maana: kwenye chungu au tuta lililoinuliwa ambalo tayari halina konokono ndani. Bamba liwe na upana wa sentimita 10 au zaidi, lizunguke bila mwanya, na pasiwe na jani la kulivuka. Utepe mwembamba ni hasara.

Chambo chenye sumu

Ukiwa umefanya yaliyotangulia na bado miche inaliwa, tumia chambo cha fosfeti ya chuma. Punje hizi konokono akizila huacha kula karibu mara moja, huenda kujificha na kufa ndani ya siku tatu hadi sita. Hutaona mizoga, na hapo wengi hudhani dawa imegoma wakaongeza. Pima kazi yake kwa majani mapya kama yanaliwa au la.

Nyunyiza jioni, udongo ukiwa na unyevu lakini si tope, punje zikitawanyika kwa nafasi ya sentimita kadhaa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio cha bidhaa yako. Usirundike kamwe kuzunguka shina: rundo huwavuta konokono mpaka kwenye mmea, huota ukungu, na mbwa hulila. Tawanya zaidi upande wa maficho yao. Rudia kama lebo inavyosema, hasa baada ya mvua kubwa.

Metaldehaidi ni sumu nyingine, ya zamani na yenye nguvu, lakini mbwa akiila hutetemeka na anaweza kufa, na ndege na kalunguyeye nao wamo hatarini. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake nje kuanzia mwisho wa Machi 2022. Hata inaporuhusiwa, bustani yenye watoto au wanyama si mahali pake.

Wanaokusaidia

Vyura, tandu, mbawakawa wa ardhini, mabuu ya vimulimuli na ndege hula konokono na mayai yao. Waachie kona moja yenye mawe na majani mbali na miche, na karai la maji lenye jiwe la kupandia. Bata ni hodari kuliko kuku: kuku huchakura na kung'oa miche. Waingize bata kabla ya kupanda na baada ya kuvuna, au miche ikiwa mikubwa, kwa sababu letusi nao wanaila.

Zipo pia nematodi, minyoo midogo mno, zinazoshambulia koa, zinazouzwa kama unga wa kuchanganya na maji. Zinahitaji udongo wenye unyevu na joto lisilopungua nyuzi 5 za Selsiasi, hufanya kazi kama wiki sita, na huwapata koa kuliko konokono wenye gamba. Si kila nchi inaziruhusu, hivyo uliza kwanza. Usilete kabisa konokono mla konokono kutoka mahali pengine. Hawaii ilimleta mmoja kutoka Marekani bara mwaka 1955 ili ale konokono mkubwa wa Afrika. Badala yake aliwamaliza kwa wingi konokono wadogo wa asili wa visiwa hivyo.

Miche ikiendelea kuliwa

Kama pete zipo na majani bado yanatobolewa, chimba ndani ya pete sentimita 3. Koa wadogo huwa walikuwemo tangu kupanda. Mitego ikiwa mitupu na uharibifu upo, rudi kwenye ukaguzi wa kwanza, kwani huenda ni sota au viwavi. Ukiokota wengi kila usiku kwa zaidi ya wiki mbili bila idadi kushuka, wanatoka nje ya bustani: fuata ute asubuhi mpaka utakapofika kwenye ukuta, shimo la taka au bustani ya jirani, na kazi ihamie huko. Na kama sehemu moja tu ndiyo inayoliwa kila msimu, ipe vitunguu au viungo vyenye majani magumu, letusi uihamishie upande unaokauka mapema.